Washa Taa, Usipige Honi: Chizibaga ya Kwanza Draivu-ini

Ndugu yako aliyetangulia Marekani atakuambia siku moja, "Twende nikakulishe baga," na baada ya muda mfupi mtakuwa kwenye foleni ya magari, mnaongea na spika, mnapokea mfuko wa karatasi dirishani na kuondoka. Hiyo ni draivu-thruu, na kama umeishi Nairobi huenda unaijua tayari. Draivu-ini ni kitu kingine. Hapo unaegesha, unazima injini, mhudumu anakufuata mpaka ulipo, anachukua oda, kisha anarudi na trei anayoining'iniza kwenye kioo cha mlango. Unakula palepale, bila kushuka, gari ndiyo meza yako.

Wazee wa Dar es Salaam watasema neno hilo wanalijua, na ni kweli, ila wao wanalikumbuka kwa sinema. Pale Msasani unapoona ubalozi wa Marekani leo ndipo ilipokuwa skrini kubwa ambayo familia zilikuwa zikiitazama kutoka ndani ya magari yao. Draivu-ini ya chakula haikufika kwetu kwa namna hiyo. Imebaki hasa Marekani, na hata huko si kila mji unayo.

Niseme mapema ninachokiamini, ili ujue mwongozo huu unaelekea wapi. Chizibaga ya kawaida, ya bei nafuu, ni chakula cha dakika chache. Inapaswa kuliwa mahali ilipopikwa, ikiwa moto, ikiwa haina makorokoro. Ikishafungwa mfukoni na kusafirishwa mpaka nyumbani inakuwa kitu kingine kabisa, na wengi wanaodai hawaipendi wamekula mabaki yake tu. Draivu-ini ilibuniwa kwa ajili ya starehe ya mwenye gari, lakini bila kukusudia ikawa mahali pazuri kuliko pote pa kuila baga: kati ya jiko na mdomo wako kuna mwendo wa hatua chache tu.

Ukielewa yanayotokea jikoni utaona kwa nini haraka hiyo ina maana. Nyama ni ya ng'ombe iliyosagwa, na mara nyingi karibu sehemu moja kati ya tano ni mafuta. Inatupwa juu ya bamba la chuma lililopata moto sawasawa na kugandamizwa iwe nyembamba. Upande unaogusa chuma unageuka rangi ya kahawia na kufanya gaga, na ladha yote ya baga nzuri imo kwenye gaga hilo. Inapogeuzwa, upande uliokwisha kuiva unakuwa juu, na hapo ndipo kipande cha jibini kinapowekwa, ili mvuke wa nyama ukilainishe wakati upande wa pili unamalizika. Mkate nao unapakwa siagi na kuchomwa kwa ndani. Usidhani ni pambo: ule uso uliokauka huzuia mchuzi wa nyama usiloweshe mkate mara moja.

Jibini yenyewe huenda ikakushangaza. Ni kipande cha rangi ya machungwa, laini, cha mraba, na wapenzi wa jibini za Ulaya hukidharau. Usiwafuate. James L. Kraft, mfanyabiashara wa Chicago aliyezaliwa Kanada, alipata hataza ya namna ya kusindika jibini mwaka 1916, akitafuta jibini isiyoharibika haraka safarini. Jibini za kusindika za leo hutiwa chumvi maalumu zinazoshikanisha mafuta na maji, kwa hiyo zikipata moto zinayeyuka kwa ulaini bila kutengana. Chukua jibini kavu ya zamani uipashe vivyo hivyo, utaona mafuta yanachuruzika upande mmoja na donge linabaki upande mwingine. Juu ya nyama nyembamba iliyotoka motoni, kile kipande kinachodharauliwa ndicho kinachofaa.

Sasa saa inaanza kukimbia. Mafuta ya ng'ombe huganda mapema sana, kama supu ya asubuhi iliyosahaulika mezani inavyofanya utando mweupe. Jibini inarudi kuwa ngumu. Mvuke uliofungiwa ndani ya karatasi unalainisha mkate mpaka unakuwa kama sponji, na chipsi ndizo zinazokufa kwanza. Hayo yote hutokea njiani kuelekea nyumbani. Kwa hiyo ndugu yako akisema "Tutakula tukifika," mkatalie kwa heshima.

Swali linalofuata ni wapi. Kwa aliye Ohio sina haja ya kuzunguka: nenda Swensons. Ilianzishwa Akron mwaka 1934, katika miaka ya dhiki ya uchumi, na sasa ina matawi pia maeneo ya Cleveland na Columbus. Columbus nadhani hauhitaji kuelezwa. Ukisimama kwenye baadhi ya maduka yake utasikia Kiswahili cha Wakongo na cha Wasomali waliokulia kwenye kambi za Kenya. Unaingia uwanjani, unaegesha, unawasha taa za mbele. Taa ndiyo kengele. Kijana atatoka mbio kukujia, mbio kwelikweli, maana kukimbia ndiyo desturi ya kazi yao, wala hakuna hatari iliyotokea. Akishafika, zima taa.

Hapa niwaonye ndugu zetu wa Maskati na wengine waliozoea Ghuba. Kwenu ukisimama mbele ya mkahawa mdogo unapiga honi, na kijana anakuletea chai ya karaki dirishani bila mtu kukasirika. Ukiijaribu honi hiyo Ohio, kila gari litageuka kukutazama. Huko honi ni matusi au ni dharura.

Kwa aliye Texas, Oklahoma au majimbo jirani, kilicho karibu ni Sonic. Hii ni kampuni kubwa yenye maelfu ya matawi, na ladha yake ni ya kampuni kubwa, lakini kwa mtu mwenye aibu ya Kiingereza ndiyo rahisi kuliko zote. Kila nafasi ya kuegesha ina ubao wake wa vyakula na spika yake. Unasoma kwa raha zako, hakuna anayekusimamia, unabonyeza kitufe ukiwa tayari. Ilianzia Shawnee, Oklahoma, mwaka 1953, wakati Troy Smith alipokuwa na kibanda kilichoitwa Top Hat. Akafunga spika ili mteja aagize kutoka garini, na mwaka 1959 jina likabadilika kuwa Sonic. Baadhi ya wahudumu huleta chakula wakiwa wamevaa viatu vya magurudumu. Mwache afike na kusimama kabla hujanyoosha mkono kupokea soda.

Seattle kuna Dick's, ya mwaka 1954, na hapo utaratibu ni tofauti: unashuka, unapanga foleni dirishani, unarudi na baga yako garini. Kwa hesabu kali basi si draivu-ini kamili, ingawa imo kwenye jina lake. Naitaja kwa sababu inatoa somo zuri la unyenyekevu. Hawabadilishi chochote. Baga inakuja jinsi ilivyotengenezwa, na kechapu unainunua kando kwa senti. Kwa mtu asiyejua la kuagiza ni nafuu kubwa. Na kama safari yako ni California, Bob's Big Boy ya Burbank, jengo la mwaka 1949, imeendeleza huduma ya garini kwa nyakati maalumu za wikendi. Watu huenda kutazama magari ya kale kuliko kula.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mahali hapa pamekuwa adimu, wakati Wamarekani hawajaacha magari wala baga. Jibu liko San Bernardino. Ndugu wawili, Richard na Maurice McDonald, walifungua draivu-ini yao mwaka 1940, wakiwa na wahudumu wa kuleta chakula garini na orodha ndefu ya vyakula. Mwaka 1948 wakafunga kwa muda, wakawaondoa wahudumu wote, wakatupa sahani na vijiko, wakapunguza orodha mpaka ikabaki vitu vichache, na wateja wakaambiwa washuke waje dirishani wenyewe. Baga ikawa senti 15, chizibaga senti 19. Ilikuwa bei ya chini mno kwa draivu-ini yoyote iliyokuwa bado inalipa watu wa kukimbia na trei. Kwa hiyo ile kampuni ambayo leo ndiyo jina la kwanza la chakula cha haraka ilitajirika kwa kuiua desturi ninayokuelekeza hapa.

Msomaji Mwafrika anastahili kujua jambo jingine pia kuhusu trei hiyo ya dirishani. Haikumfikia kila mtu. Maurice Bessinger wa South Carolina alikuwa na draivu-ini kadhaa zilizoitwa Piggie Park, na hakuwaruhusu watu weusi kula pamoja na wateja wengine, hata baada ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Anne Newman na wenzake wakamshitaki. Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1968 majaji wakatoa uamuzi upande wa walalamikaji. Moja ya hoja za Bessinger, kwamba dini yake inampa haki ya kubagua wateja, mahakama iliiona haina hata uzito wa kujadiliwa. Leo ukiwasha taa utahudumiwa. Kuna waliolipia hilo kabla yako.

Turudi kwenye gari. Kabla ya kutoka nyumbani, chukua chupa ya maji na kitambaa au karatasi zenye unyevu. Sisi hatuli kabla ya kunawa, na draivu-ini haina bomba wala birika. Vyoo huenda vipo, huenda havipo. Usivae kanzu nyeupe. Kama gari si lako, tandika taulo mapajani, kwa sababu baga nzuri inachuruzika na kochi la gari halisahau. Waketishe watoto wakubwa nyuma, na uamue mapema nani anashika soda za nani. Kisha chagua saa. Kati ya saa nane na saa kumi na moja jioni jiko lina nafasi na mhudumu ana subira na maswali yako. Ijumaa usiku baada ya mechi za shule ni fujo tupu, japo ni fujo ya kupendeza. Mikoani kwenye baridi kali, draivu-ini nyingi ndogo hufungwa majira ya baridi, kwa hiyo piga simu kwanza kama ni Januari.

Ukiegesha, acha nafasi ya mlango upande wa dereva, na usikishushe kioo chote. Mahali wanapotumia trei za kuning'iniza, trei inahitaji ukingo wa kioo kilichobaki juu kidogo ili ishike. Mhudumu atakuonyesha kwa kidole kiasi gani. Zima injini, harufu ya moshi wa jirani haisaidii ladha ya kitu chochote.

Sasa oda. Siku ya kwanza agiza chizibaga moja yenye nyama moja. Najua ubao utakuwa umejaa picha za minara: nyama mbili, nyama tatu, vitunguu vya kukaanga, pilipili, yai, nyama ya nguruwe juu yake. Ipuuze yote. Kwenye baga ya nyama moja hakuna pa kujificha, na ukiila hiyo utajua kama jiko linajua kazi. Jikoni wakikosea chumvi, utaonja. Bamba likiwa halikupata moto, nyama itakuwa ya kijivu, ya kuchemka. Minara huficha makosa haya chini ya sosi.

Mhudumu atakuuliza unataka nini juu yake, na kwa mgeni hapo ndipo ulimi hukwama. Vya kawaida ni haradali, kechapu, mayonezi, kitunguu, letasi, nyanya na vipande vya matango ya siki. Ushauri wangu: haradali, kitunguu na matango ya siki, basi. Nyama ina mafuta, jibini ina mafuta, siagi ya mkate nayo ni mafuta. Kinachotakiwa ni ukali na uchachu wa kukata, na vitu hivyo vitatu vinatosha. Kechapu ni tamu, na mkate wenyewe una utamu tayari. Letasi na nyanya ni baridi na zina maji, zinapoza jibini kabla hujaing'ata. Atakayesema baga bila nyanya si baga, mwache na yake.

Hutaulizwa nyama iive kiasi gani, tofauti na mikahawa ya mezani. Vipande hivi vyembamba hupikwa mpaka ndani, na Wizara ya Kilimo ya Marekani inashauri nyama ya kusaga ya ng'ombe ifike nyuzi 71 za Selsiasi. Kwa hiyo wale wetu wanaochukia kuona wekundu ndani ya nyama wasiwe na hofu.

Atakuuliza pia kama unataka kombo, yaani baga pamoja na chipsi na soda kwa bei ya pamoja. Ukiwa na njaa ya kweli, ndiyo. Ukiwa umekuja kuionja baga, chipsi ndogo zinatosha watu wawili, na soda yao ndogo ni kubwa. Barafu hujazwa nusu ya gilasi kama hukusema. Milkisheki ni fahari ya draivu-ini nyingi, nzito kiasi kwamba mrija unagoma, lakini kama tumbo lako huwa linasumbuliwa na maziwa, usiichanganye na jibini siku hiyohiyo ukiwa mbali na nyumbani. Ruti bia haina kilevi, licha ya jina. Ni soda yenye harufu ya mizizi na viungo, na wengine kwetu huisukumia mbali kwa sababu inawakumbusha dawa ya kuchua misuli. Onja ya mwenzako kwanza.

Kwa Waislamu suala la halali lisipitwe juu juu. Baga ya kawaida ni nyama ya ng'ombe, si ya nguruwe. Lakini ng'ombe huyo katika kampuni hizi za kawaida hakuchinjwa kwa utaratibu wetu, na bamba lililokaanga baga yako huenda ndilo lililokaanga nyama ya nguruwe dakika tano zilizopita. Kumbuka pia kwamba biashara hii yenyewe ilianza na nguruwe: draivu-ini inayotajwa kuwa ya kwanza, Pig Stand ya Jesse Kirby, ilifunguliwa mwaka 1921 kwenye barabara ya Dallas kwenda Fort Worth, na kilichokuwa kikiuzwa dirishani ni mkate wenye nyama ya nguruwe. Wapo wanazuoni wanaoruhusu nyama ya Watu wa Kitabu na wapo wanaokataa. Hilo ulimalize na mwalimu wako kabla ya kuwasha gari, usimwachie mhudumu wa miaka kumi na saba. Ukiamua kutoila nyama, sehemu nyingi zina samaki kwenye mkate na jibini, ila uliza mafuta ya kukaangia yanatumika kwa nini kingine. Na miji yenye Waislamu wengi, kama Dearborn huko Michigan, ina migahawa ya baga za halali usiyohitaji kuuliza lolote, ingawa hapo utakula mezani.

Bei uliyoiona ubaoni siyo utakayolipa. Kodi ya mauzo huongezwa mwishoni, na inatofautiana jimbo kwa jimbo na mji kwa mji. Texas inaweza kufika asilimia 8.25. Kisha kuna bahashishi. Kwenye draivu-thruu hakuna anayeitarajia. Kwenye draivu-ini inatarajiwa, kwa sababu mtu amekimbia mpaka kwako na atakimbia tena kuchukua trei. Sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri amlipe mfanyakazi wa bahashishi dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 1991, mradi bahashishi ijazilize mpaka kima cha chini cha kawaida. Majimbo mengi yameweka zaidi, si yote. Kwa oda ndogo acha dola mbili. Kwa gari zima la familia hesabu kama asilimia 15 mpaka 20. Uwe na noti ndogo mkononi, kwani mashine ya kadi mara nyingine inakuuliza bahashishi, mara nyingine haikuulizi.

Chakula kikifika, usianze na picha. Wape watoto chipsi, chukua chache za kwako zikiwa bado zinavunjika, kisha fungua karatasi ya baga nusu tu. Nusu ya chini ibaki imevikwa, ndiyo sahani yako. Shika kwa mikono miwili, vidole gumba chini na vingine juu, na ukishaishika usiiweke chini tena mpaka iishe. Kila ukiiweka, inafunguka. Inama mbele kidogo juu ya karatasi iliyobaki. Ng'ata mara ya kwanza kabla hujaongeza chochote. Kwenye ng'ato hilo tafuta gaga la nyama kwanza, kisha chumvi, kisha jibini inavyofunika ulimi, kisha kitunguu na siki vinavyokuja nyuma kusafisha. Ukivipata vyote vinne umekula chizibaga kama inavyotakiwa. Ukipata mkate na sosi tu, shida si wewe.

Kisu na uma hakuna, wala usiombe. Na usijisumbue kumkaribisha jirani wa gari la pembeni, hata kama moyo unakusuta kula mbele ya mtu bila kusema karibu. Ataitikia kwa tabasamu la mshangao na kupandisha kioo. Ndani ya gari lenu, hata hivyo, desturi zetu ziendelee: mkubwa apewe kwanza, na mgeni akatwe kipande cha ile baga aliyoiogopa kuagiza. Kugawana kwenyewe kuna fujo. Ni afadhali mnunue moja zaidi.

Ikiwa umeipenda na bado una nafasi, hapo ndipo uagize ya pili iliyo mashuhuri mahali ulipo. Swensons wanayo Galley Boy, nyama mbili na jibini, na sosi mbili tofauti, moja ikielekea utamu wa nyama choma ya Kimarekani na nyingine ya uchachu mweupe, na juu zeituni iliyochomekwa kijiti. Ni tamu sana, tamu kupita nipendavyo, na kuna watu wazima wa Akron watakaokasirika wakisikia nimesema hivyo. Toa kijiti kabla ya kung'ata.

Mkimaliza, kusanyeni karatasi zote juu ya trei, gilasi zenye barafu zimwagwe kwanza, na bahashishi ya noti iwekwe chini ya gilasi isipeperuke. Washa taa tena. Usijaribu kuiondoa trei mwenyewe kama hujawahi, na usikishushe kioo wakati bado imening'inia. Akija kuichukua, nawa kwa ile chupa ya maji nje ya mlango, hakikisha kioo kiko huru, angalia nyuma kama hakuna kijana anayekimbia na trei ya mtu mwingine, ndipo uweke gia ya kurudi nyuma.